Mashine ya Kufyonza Vumbi na Mafundi wa Mpakani

Nyumbani kwetu hapa Busia, upande wa Kenya, imo mashine ya kufyonza vumbi iliyowazidi umri wanafunzi wetu wote. Mwezi uliopita ilianza kutoa cheche na harufu ya kuungua, kisha ikanyamaza. Dukani tulishauriwa tuitupe, tununue nyingine. Hatukukubali. Tuliichomoa katika umeme, tukatandika mkeka na kuifungua wenyewe. Na kazi hiyo ndiyo iliyotuletea fikra hizi juu ya historia ambayo sisi walimu wa lugha hatujaishughulikia inavyostahili.

Yafaa ikumbukwe kwamba chombo hiki chenyewe ni mtoto wa ufundi wa nyumbani. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alibuni mtambo wa kuvuta vumbi, lakini ulikuwa mkubwa hata ukakokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani, mipira yake mirefu ikipitishwa madirishani. Aliyekifanya kuwa chombo cha kushikwa mkononi ni James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Mzee huyo alikuwa na pumu, na vumbi la kazi lilimwumiza kifua. Mwaka 1907 aliunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata alichokitafuta. Mwaka 1908 haki ya ubunifu huo ilinunuliwa na William Hoover, na sifa zikaenda kwa mnunuzi. Hata huku kwetu wapo wasemao “huva” wasijue kwamba wanataja jina la mtu.

Kwetu mashine za namna hii zilifuata umeme. Bwawa la Owen Falls, huko Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na Tororo yenye kiwanda chake cha saruji ikawa miongoni mwa miji iliyofaidi mapema. (Anayeijua Tororo hana haja ya kuelezwa habari za vumbi.) Kuanzia mwaka 1958 umeme wa Jinja ulipita Tororo kwenda Kenya. Nyaya zilipita juu; chini yake vijiji vingi viliendelea kuwasha vibatari. Mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa ya nyumba chache zenye mazulia, na aliyeisukuma aghalabu alikuwa mtumishi, wala si mwenye zulia. Twadhani mtumishi huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijua tabia yake: lini inapumua vibaya, lini mfuko umejaa.

Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na pamoja nao ikaondoka sehemu kubwa ya biashara ya spea. Maduka yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakuijua kazi hiyo. Ndipo neno “magendo” lilipopata nguvu mpya mpakani: kahawa ikatoka Uganda usiku, sabuni, chumvi na sukari zikaingia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na njia zikazidi kuwa nyembamba. Katika hali hiyo hapakuwa na anasa ya kutupa kitu. Ukanda wa mota ulikatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Na baiskeli, kama wasomaji wajuavyo, zilikuwa nyingi, kwani ni katika mpaka huu wetu ambapo waendeshaji waliowavusha abiria kutoka boda hadi boda walituzalia neno “bodaboda”. Mfuko uliochanika ulishonwa upya kwa kitambaa kizito. Spangler angeutambua mara moja.

Turudi kwenye mkeka. Ndani ya mota tulikuta vipande viwili vya kaboni, vile vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, vimelika hadi kuwa kama punje za maharagwe. Cheche zilitoka hapo. Mwanafunzi aliyekuwa akitusaidia akauliza shaba ile inaitwaje kwa Kiswahili. Miaka ishirini tumefundisha ngeli na methali, na jibu hatukuwa nalo.

Tulimwendea mzee mmoja fundi, aliyejifunza kazi Tororo katika miaka ile ya uhaba. “Hiyo ni komuteta, Mwalimu,” alisema bila kuinua macho, kana kwamba kila mtu anajua. Akapasua betri kuukuu ya tochi, akatoa kijiti cheusi cha katikati, akakikata na kukisugua kwa msasa hadi kikaingia mahali pake bila kukwama wala kulegea. Mwanafunzi wetu alikuwa akiandika: komuteta, beringi, msasa, tupa. Tulitazama daftari lake kwa haya kidogo. Maneno hayo yamekuwa yakisemwa mita mia mbili kutoka darasani petu, na kwenye ubao wetu hayajawahi kuandikwa.

Mashine sasa yafanya kazi, ingawa kwa sauti ya ukali zaidi. Mzee alituonya kwamba kaboni ya betri si sawa na ile ya kiwandani, na huweza kuila shaba. Tuifungue tena baada ya mwezi, tutazame. Mwanafunzi ameandika tarehe juu ya kifuniko kwa chaki.