Bima na ugonjwa wa akili Kenya: Je, kampuni inaweza kukukataa?

Jibu fupi ni hapana. Sheria ya Kenya hairuhusu kampuni ya bima kumbagua mtu kwa sababu ana ugonjwa wa akili. Lakini kutoka kwenye sheria hadi dirisha la malipo hospitalini ni safari ndefu, na wengi hukwama njiani.

Sheria inasema nini?

Katazo hili si geni. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 tayari ilisema kila mtu ana haki ya kuwa na bima inayolipia matibabu ya akili. Pia ilikataza mikataba ya bima inayoyaacha nje au kuyabana matibabu hayo.

Shida ni kwamba kifungu hicho kilibaki zaidi kwenye karatasi. Familia nyingi ziliendelea kutoa pesa mfukoni, bila hata kujua kwamba kuna sheria ya kuzilinda.

Nini kilibadilika?

Mwishoni mwa 2019 serikali iliunda jopokazi chini ya Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili. Ripoti yake ya 2020 ilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Bungeni, seneta Sylvia Kasanga alisukuma mswada wa marekebisho. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini Juni 2022. Sheria hiyo imerudia wazi kwamba bima, iwe ya umma au ya binafsi, haifai kumbagua mgonjwa wa akili. Pia inazitaka serikali za kaunti zipeleke huduma hizi karibu na wananchi, badala ya kila mtu kukimbilia Mathari, Nairobi.

Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilipelekwa mahakamani na watetezi wa haki pamoja na madaktari wa akili. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayehitaji daktari hawezi kujitokeza akijua polisi wanamngoja.

SHA je?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za afya ya akili zimo kwenye orodha ya malipo yake, lakini zina viwango. Kwa hiyo uliza hospitali mapema kiasi gani kitalipwa na kipi kitabaki juu yako.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini bima

• Je, inalipia kumwona daktari wa akili bila kulazwa, au kulazwa tu?
• Ushauri nasaha na mwanasaikolojia umo? Vikao vingapi kwa mwaka?
• Dawa za kila mwezi zinalipiwa?
• Kiwango cha juu cha malipo ni sawa na cha magonjwa mengine?
• Kuna muda wa kusubiri?

Swali la nne ndilo lenye mtego. Kampuni inaweza kukwambia "tunalipia", kumbe fungu la akili ni dogo sana na linaisha baada ya kulazwa siku chache tu.

Ukikataliwa ufanye nini?

Usikubali jibu la simu peke yake. Dai sababu kwa maandishi na uhifadhi nakala. Lalamika kwa kampuni kwanza. Isiposikia, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima, IRA. Kama bima ni ya kazini, mhusishe pia mwajiri, kwa sababu yeye ndiye mteja na ana nguvu ya kujadili mkataba upya.

Kifungu cha 1989 kilikaa zaidi ya miaka 30 bila wengi kukitumia. Cha sasa nacho kitalala vivyo hivyo kama hakuna anayekidai.