Mlezi wa makao ya watoto

Mlezi wa makao ya watoto ni mtumishi anayewatunza kila siku watoto wanaoishi nje ya familia zao kwa sababu ya uyatima, kutelekezwa au ukatili. Kazi yake hutofautiana na ya afisa ustawi wa jamii, ambaye hushughulikia shauri la mtoto na kutafuta ndugu zake, ingawa ni mlezi ndiye anayekesha na mgonjwa, kusimamia masomo na kuandika katika jalada mabadiliko ya tabia ambayo afisa huyo hayaoni. Nchini Tanzania makao husimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Mfumo wa nyumba ndogo zenye "mama" mmoja wa kudumu ulienezwa na shirika la SOS, lililoanzishwa Austria mwaka 1949 na Hermann Gmeiner. Mahali pengine walezi hupokezana zamu, utaratibu unaodhoofisha mazoea kati yao na watoto. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 huyahesabu makao kuwa hifadhi ya muda, na mkakati wa Kenya wa 2022–2032 unakusudia kuwarejesha watoto katika familia na jamii.