Mgeni, Jembe na Kura: Somo la Tabora, 1958

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu tunaitumia methali hii kumkumbusha mgeni wajibu wake. Tunasahau kwamba inamtwisha mwenyeji wajibu pia, kwa kuwa jembe ni lake na ni yeye anayepaswa kulitoa. Katika siasa na sheria, jembe hilo ni uraia, kura na dhamana ya utumishi.

Tabora inatufaa kwa mjadala huu. Katika karne ya 19, hapa ndipo njia ya misafara itokayo pwani ilipogawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Oman na wa pwani, na Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikutana Unyanyembe. Wengine walikuja kwa hiari, wengine kwa minyororo, na wengi hawakurudi makwao.

Januari 1958, TANU ilikutana katika mji huo kuamua iwapo ishiriki uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asipofanya hivyo, kura yake iliharibika. Kila kundi lilitengewa viti 10, ingawa Waafrika ndio waliokuwa karibu watu wote wa nchi. Wajumbe wengi waliuona utaratibu huo kuwa tusi, na hawakukosea. Hata hivyo, kwa hoja za Mwalimu Nyerere, mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama cha African National Congress, kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Tumezoea kuusimulia Uamuzi wa Busara kama mbinu ya kuharakisha uhuru. Ulikuwa na tokeo jingine. Wakati huo TANU ilikuwa chama cha Waafrika, lakini sasa ililazimika kutafuta Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono. Katika Jimbo la Kaskazini, mmoja wao alikuwa Sophia Mustafa: mzaliwa wa India, aliyekulia Kenya na kuhamia Arusha mwaka 1948. Alishinda, akawa mbunge hadi 1965. Mumewe, Abdulla, wakili, baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1958, Nyerere aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama, wakili D. N. Pritt wa Uingereza alimtetea pamoja na mawakili wawili Waasia wa hapa nchini, Rattansey na Jhaveri.

Mkoloni alikusudia mbunge Mwasia awe msemaji wa Waasia. Uamuzi wa Tabora uliligeuza kusudi hilo: mhamiaji aliyeingia barazani kwa msaada wa TANU aliwajibika kwa Waafrika waliompigia kura. Kanuni hiyo ilijaribiwa tena Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Nyerere alitangaza kwamba serikali ingejiuzulu kuliko kukubali hilo. Waziri wa kwanza wa Sheria wa nchi hiyo huru alikuwa Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe.

Hata hivyo, hofu ya akina Mtemvu haikuwa ya kubuni. Wahamiaji wa 1958 waliofika mahakamani na bungeni walikuwa na elimu ambayo Mwafrika alikuwa amenyimwa fursa ya kuipata. Mtihani mgumu zaidi wa methali yetu ni mgeni asiye na shahada wala mtaji.

Mgeni huyo yupo mkoani Tabora. Mwaka 1972, Warundi waliokimbia mauaji walipokewa na kupewa ardhi Ulyankulu, na wengine baadaye Katumba na Mishamo. Walilima na kujitegemea. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya zaidi ya watu 162,000 yalikubaliwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Walipewa jembe mapema; kura iliwafikia miaka 42 baadaye.

Kisheria, njia iko wazi kwao. Ibara ya 67 ya Katiba inamruhusu raia yeyote mwenye sifa kugombea ubunge; ni urais, katika Ibara ya 39, uliotengewa raia wa kuzaliwa. Kinachobaki ni mwenendo wetu. Mtumishi wa umma aliyekwisha kukiona cheti cha mtu, kisha akamuuliza "kwenu hasa ni wapi?", anaurudisha mezani ule mgawanyo wa wananchi ambao Tabora ya 1958 iliukubali kwa shingo upande ili iuvunje. Na kijana wa Ulyankulu anayesomea sheria leo asihesabiwe kuwa mgeni aliyefadhiliwa. Wazazi wake walikwisha kulima.