Mpendwa na Taifa: Nafasi ya Kundiman katika Historia ya Muziki wa Ufilipino

Historia ya muziki wa Ufilipino aghalabu imeandikwa kwa matabaka. Chini kabisa huwekwa patu na ala za mianzi za wenyeji. Juu yake huja gita, vinanda na nyimbo za ibada za Wahispania, waliotawala tangu 1565 hadi 1898. Kisha bendi na dansi za Wamarekani. Mpangilio huu unamfaa mwalimu kwa sababu unakaririka kwa wepesi. Hata hivyo, una dosari ya msingi: unachukulia kwamba chimbuko la fani ndilo linaloamua fani hiyo inamtumikia nani. Kundiman, wimbo wa mapenzi wa Wafilipino wa nyanda za chini za kisiwa cha Luzon, ni fani inayoikanusha dhana hiyo, na ndiyo itakayochunguzwa katika makala haya.

Kimuundo, kundiman ni wimbo wa mapigo matatu, wa mwendo wa taratibu, ambao kwa kawaida huanza katika ngazi ndogo ya sauti, yenye kuashiria huzuni, kisha hugeukia ngazi kubwa katika sehemu yake ya mwisho. Mnenaji wake ni mpenzi anayesihi. Hamiliki chochote ila uaminifu wake, naye yu tayari kufa kwa ajili ya mpendwa ambaye hajamkubali. Jina lenyewe huelezwa na wengi kuwa limetokana na maneno ya Kitagalog *kung hindi man*, yaani "hata kama sivyo". Ukweli wa kiisimu wa maelezo hayo si muhimu sana hapa. La muhimu ni kwamba waimbaji wenyewe wameyakubali, kwa kuwa yanaafiki hali ya mnenaji: anapenda hata kama hatapendwa.

Mapigo na ngazi hizo za sauti zilitoka Ulaya. Jambo hili ndilo lililowafanya baadhi ya wataalamu kuitaja kundiman haraka na kuiacha, wakitafuta "Ufilipino halisi" kwingineko. Lakini kuna fani kongwe zaidi inayoonyesha jinsi umbo la mgeni lilivyoweza kubeba maana ambayo mgeni hakuikusudia. Hiyo ni pasyon, utenzi wa mateso ya Kristo, ambao hadi leo husomwa kwa kuimbwa katika Juma Kuu, pengine mchana kutwa na usiku kucha. Gaspar Aquino de Belen alitunga pasyon yake ya Kitagalog mwanzoni mwa karne ya 18. Ile iliyoenea zaidi miongoni mwa wakulima ilichapishwa mwaka 1814. Ubeti wake una mishororo mitano, kila mshororo mizani minane. Ni umbo lililotoka Uhispania, na lilikusudiwa kufundisha subira na utiifu. Katika kitabu chake cha 1979, *Pasyon and Revolution*, Reynaldo Ileto alionyesha kwamba wakulima waliupata katika utenzi huohuo msamiati wa uasi: mtu wa chini asiye na elimu anayeitwa, anayeteswa, na ambaye mateso yake yanauangusha ulimwengu uliopo. Undugu wa kidini wa Apolinario de la Cruz, ulioanzishwa 1832 na kuvunjwa kwa umwagaji damu mwaka 1841, hauwezi kueleweka bila pasyon.

Ileto hakujishughulisha na mapenzi. Hata hivyo, hoja yake inaipisha kundiman mlango uleule: ikiwa Kristo anayeteswa aliweza kusomwa kama nchi inayoteswa, mpendwa asiyefikika naye aliweza kusomwa kama nchi isiyo huru. Ushahidi mashuhuri zaidi ni "Jocelynang Baliwag". Kwa maneno yake, huu ni wimbo wa kumsifu msichana wa mji wa Baliwag, mkoani Bulacan. Hauna bunduki, hauna Mhispania, hauna neno uhuru. Juu ya hayo yote, ulipendwa mno na wapiganaji wa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1896, hata ukajulikana kama kundiman ya mapinduzi. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kutahadhari. Wengi wamelieleza jambo hili kana kwamba palikuwa na fumbo lililopangwa: mtunzi alificha taifa nyuma ya sura ya msichana, na wasikilizaji wakalifumbua. Hakuna kinacholazimisha maelezo hayo. Yamkini msichana alikuwa msichana tu, na wimbo ulikuwa wa kuposa. Maana ya pili ilizaliwa kambini, katika vinywa vya watu waliokuwa wameahidi kufa kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijawa chao. Kiapo cha mpenzi na kiapo cha mpiganaji vilikuwa na sarufi moja.

Mtafiti anayetafuta taifa ndani ya maneno peke yake ataambulia patupu, au atalipandikiza. Mfano wa wimbo wa taifa unalithibitisha hili kwa namna nyingine. Gwaride la Julián Felipe lilipopigwa huko Kawit tarehe 12 Juni 1898, siku uhuru ulipotangazwa, halikuwa na maneno hata moja. Shairi la José Palma, tena kwa Kihispania, lilikuja mwaka uliofuata. Baadaye yakaja maneno ya Kiingereza, na mwaka 1956 yale ya Kitagalog. Sheria ya 1998 ikaagiza uimbwe kwa lugha ya taifa pekee. Lugha tatu zimepita juu ya lahani moja, mbili kati yake zikiwa za watawala, na Wafilipino hawakuacha kuuona kuwa wimbo wao.

Ilikuwa chini ya Wamarekani ambapo kundiman ilipata uzito wake wa kisiasa. Uhispania ilikuwa imeiuza Ufilipino kwa Marekani katika Mkataba wa Paris wa Desemba 1898 kwa dola milioni 20, na vita vikafuata. Sheria ya Uchochezi ya 1901 ilifanya kuwa kosa kutetea uhuru hata kwa njia za amani wakati vita vikiendelea. Sheria ya Bendera ya 1907 iliharamisha bendera na alama za mapinduzi, na wimbo wa taifa ukanyamazishwa pamoja nazo hadi 1919. Lililokatazwa kusemwa waziwazi lilihamia jukwaani, katika tamthilia za nyimbo na za mazungumzo. Katika *Tanikalang Ginto* ("Mnyororo wa Dhahabu", 1902) ya Juan Abad, msichana aitwaye Liwanag, yaani Nuru, anapendwa na K'Ulayaw, lakini mjomba wake Maimbot, yaani Mwenye Choyo, anawatenganisha. Aurelio Tolentino alikwenda mbali zaidi katika *Kahapon, Ngayon at Bukas* ("Jana, Leo na Kesho", 1903): mhusika wake mkuu anaitwa Inangbayan, Mama wa Nchi, na hakuna pazia lililobaki. Wote wawili walishtakiwa.

Tofauti ya tamthilia hizi na kundiman inastahili kutiliwa mkazo. Tamthilia zilitumia istiara wazi: kila mhusika alilingana na kitu kimoja nje ya jukwaa, na afisa wa serikali aliyekuwa na mkalimani mzuri aliweza kuzisoma kama alivyoweza mtazamaji. Kundiman haikuwa na ufunguo wa namna hiyo. Hakimu angewezaje kuthibitisha kwamba anayelilia mpenzi halilii mpenzi? Udhaifu wake kama propaganda ndio uliokuwa kinga yake.

Kizazi kilichofuata kiliipeleka kundiman chuoni. Chuo cha muziki katika Chuo Kikuu cha Ufilipino kilifunguliwa mwaka 1916, na kutoka hapo walitokea Francisco Santiago (1889–1947) na Nicanor Abelardo (1893–1934). "Anak Dalita" ("Mwana wa Dhiki", 1917) ya Santiago inahesabiwa kuwa kundiman ya kwanza iliyotungwa kwa kiwango cha wimbo wa kisanii wa sauti na piano. "Mutya ng Pasig" (1926) ya Abelardo, kwa maneno ya Deogracias Rosario, inampa sauti roho wa kike wa mto Pasig, malkia wa zamani ambaye ufalme wake ulitoweka mapenzi yalipokufa. Hapa mpendwa ndiye anayesema, badala ya mpenzi anayesihi, na anayoyasimulia ni kupotea kwa milki. Msomaji anayejua kwamba mto huo unapita katikati ya Manila, makao ya gavana Mmarekani, hahitaji kuelekezwa zaidi. Ni kweli kwamba kusoma chuoni kuliigharimu kundiman kitu: ilihitaji sasa sauti iliyofunzwa na ukumbi, na ikajitenga na dirisha la msichana kijijini. Lakini haikupoteza utata wake.

Utata huo ulikaribia kukoma katika "Bayan Ko" ("Nchi Yangu"), uliotungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maneno ni ya José Corazón de Jesús (1896–1932), bingwa wa majibizano ya kishairi yaitwayo balagtasan. Lahani ni ya Constancio de Guzmán. Nchi inatajwa kwa jina lake, na taswira ya ndege aliyefungiwa ni nyepesi kufasiriwa. Kwa kipimo cha jazanda pekee, ni kazi nyepesi kuliko "Mutya ng Pasig". Nguvu yake iko katika lahani, ambayo ni ya kundiman: masikio yaliyozoea kumsikia mpenzi yalimsikia bado, na mapenzi ya nchi yakawa na uchungu wa mapenzi ya mtu. Ferdinand Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi Septemba 1972, wimbo huu ulipigwa marufuku hadharani. Baada ya Benigno Aquino kuuawa tarehe 21 Agosti 1983, umati uliuimba katika maombolezo yake, na ukaimbwa tena Februari 1986 katika siku nne zilizomwondoa Marcos madarakani.

Katika miaka ileile ya sheria ya kijeshi, jambo jingine lilitendeka ambalo watetezi wa matabaka huona taabu kulieleza. José Maceda (1917–2004), mpiga piano aliyegeuka mtafiti, alikuwa ametumia miaka mingi kurekodi muziki ambao kundiman haikuwahi kuuwakilisha: safu za patu ndogo ziitwazo kulintang kwa Wamaguindanao na Wamaranao wa Mindanao, patu bapa za milima ya Cordillera, ala za mianzi. Lawama kwamba taifa lililoimbwa na kundiman lilikuwa la Wakristo wa nyanda za chini, hasa Watagalog, ni lawama ya haki, na kazi ya Maceda ndiyo jibu lake kubwa zaidi. Tarehe 1 Januari 1974 utunzi wake "Ugnayan" ulirushwa hewani. Mikondo 20 ya sauti za ala za wenyeji iligawanywa kwenye vituo vya redio vya Manila, kila kituo mkondo wake, na wananchi wakahimizwa kukusanyika na redio zao viwanjani ili muziki ukamilike baina yao. Haukuwa na ngazi ya Ulaya wala mapigo matatu. Uliwezekana kwa msaada wa Imelda Marcos, mke wa rais, kupitia mawimbi yaleyale ambayo "Bayan Ko", wenye muziki wa asili ya Ulaya, haukuruhusiwa kusikika.