Ukurasa wa A92

Katika ICD-10, kitabu ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitumia kuyapa magonjwa namba hadi 2022, kuna fungu la homa za virusi zinazoenezwa na mbu. A92.0 ni chikungunya, A92.1 ni o'nyong-nyong, A92.3 homa ya West Nile, A92.4 homa ya Bonde la Ufa. Zote nne zilitambuliwa Kenya, Uganda na Tanganyika, kati ya 1931 na 1959.

Orodha yenyewe ilizaliwa mbali na mbu hao. Mwaka 1893, mjini Chicago, mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo, ili nchi ziweze kulinganisha hesabu zao. Virusi havikuwemo; wanasayansi ndio kwanza walikuwa wanaanza kuvishuku. Toleo la sita, la 1948, ndilo lililoongeza maradhi juu ya vifo.

Miaka minne baadaye, homa ya ajabu ikaingia Newala, kusini mwa Tanganyika. Uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, ulikuwa na shida ya maji, kwa hiyo watu waliyaweka ndani ya nyumba, na mbu aina ya Aedes aegypti wakayapenda maji hayo kuliko dimbwi lolote. Wagonjwa waliumwa viungo hadi wakashindwa kunyooka. Kwa kuangalia dalili tu, daktari yeyote angeandika dengi. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yao 1955, na damu ya wagonjwa ilikuwa imetoa kirusi kingine kabisa, cha chikungunya.

Bila maabara, basi, A92.0 isingekuwepo. Na hapo ndipo penye ubishi: zahanati isiyo na kipimo ni nadra kuiandika. Mgonjwa yuleyule huishia R50.9, homa isiyobainishwa, au huhesabiwa malaria kwa mazoea, na takwimu za mwaka husema chikungunya haikufika.

Zika, nayo ya mbu, ilisubiri namba yake zaidi. Kirusi chake kilipatikana 1947 katika damu ya tumbili aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Katika ICD-10 ugonjwa huo ulitiwa A92.8, kapu la "nyinginezo". Ilibidi Brazil iugue, 2015, ndipo ukapewa namba yake.

Korona haikungoja hivyo. Mwanzoni mwa 2020 ilipata U07.1, kwa waliothibitishwa maabara, kisha U07.2, kwa wale ambao daktari aliwatambua kwa dalili huku kipimo kikiwa hakipo au hakijatoa jibu la uhakika. Wagonjwa wa Newala hawakuwahi kupewa nafasi ya pili ya namna hiyo.