Shaba ya Kuvaa: Tarehe ya Mafundi wa Mapambo wa Kampemba

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wawili wa mambo ya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifukua makaburi pale Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Marehemu walizikwa na vyungu vya ufundi mkubwa, na miilini mwao kulikuwa na shaba: bangili, vikuku, mikufu ya waya mwembamba, kengele ndogo. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi huko, akachimba tena na kuyapanga makaburi kwa nyakati. Wengi wa waliolala na mapambo hayo waliishi kati ya karne ya 8 na ya 13. Na Kisale hakuna mgodi wa shaba. Mawe yenyewe yako kusini mwa Katanga, huku kwetu, zaidi ya kilomita mia mbili. Kuna mtu aliyeibeba shaba ile njia nzima, na mwingine aliyeifua, akaivuta na kuisokota mpaka ikatosha mkono wa mtoto.

Naianzia tarehe hii Sanga kwa sababu Lubumbashi nzima imezoea kusema kwamba kazi ya bijuu, yaani mapambo, ni kazi ndogo: imeletwa na Wazungu, inauzwa kwa wageni, inafanywa na aliyekosa nafasi kiwandani. Mafundi wa Kampemba wenyewe wakati mwingine husema hivyo, na inaniuma kuwasikia. Katika nchi hii shaba ilivaliwa karne nyingi kabla haijapelekwa melini. Hata ile misalaba ya shaba iliyokuja kuwa fedha, ambayo leo kila mtu huitambua kuwa alama ya Katanga, huonekana kwa wingi katika makaburi ya Sanga kuanzia karne ya 14, baada ya bangili na mikufu. Ya mwanzo ni mikubwa, michache, imewekwa kifuani mwa marehemu. Kadiri miaka inavyosogea inapungua ukubwa na kuongezeka idadi, kama fedha zifanyavyo zinapoingia mikononi mwa watu wengi.

Namna shaba ilivyopatikana inajulikana vizuri, kwa kuwa wazee walioifanya kazi hiyo walikuwa bado hai wakoloni walipofika. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliiandika mwaka 1926 katika makala kuhusu wale walioitwa wala shaba. Ilikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Ukoo ulihamia kambini karibu na kilima chenye mawe ya kijani, yaani malakiti. Wanaume walichimba, wanawake na watoto wakachambua na kuosha mawe mtoni. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa kwa mti mgumu wa mubanga, mivuo ikapulizwa tangu alfajiri. Kulikuwa na miiko: mwanamume asilale na mkewe siku za kuyeyusha, na kazi isianze bila kuwataja wahenga. Jioni shaba ilishuka chini ya tanuri, nyekundu, ikasubiri kuyeyushwa tena na kumiminwa katika umbo.

Kisha wakaja Wayeke, watu wa Msiri. Msiri, mwana wa Kalasa, alikuwa Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekuja Katanga kutafuta shaba. Katikati ya karne ya 19 Msiri alikaa, akajenga dola lake, na mji wake mkuu Bunkeya ukawa soko la shaba, pembe na, kwa huzuni yetu sote, watumwa. Misafara ya Waswahili ilifika pale ikitoka Pwani, imebeba nguo, bunduki na shanga za kioo. Ndiyo maana katika mapambo ya Katanga ushanga wa ng’ambo na shaba ya hapa vimekaa uzi mmoja tangu enzi za mababu zetu. Anayepanga shanga kukuu pamoja na pete za shaba katika uwanja wake wa Bongonga, hapo Kampemba, anaendeleza mpango wa siku nyingi, ajue asijue.

Mafundi wa Kiyeke walikuwa mabingwa wa waya. Fimbo ya shaba ilifuliwa ikawa nyembamba, ikachongoka ncha, ikapitishwa katika tundu la kipande cha chuma, ikavutwa kwa nguvu za watu. Baada ya hapo tundu dogo zaidi, na jingine dogo zaidi, mpaka waya ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea. Waya huo ulizungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama au nyuzi za mti, mzunguko kwa mzunguko bila nafasi, ukawa kikuku chepesi kinachopindika bila kukatika. Mwanamke mwenye hadhi alivivaa vingi mguuni, vikasikika anapotembea. Vikuku vya namna hiyo huitwa nsambo, na aliyeviona hawezi kusema kwamba ni kazi ya kubahatisha.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa kikoloni wa Stairs. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, tanuri kubwa la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Tanuri za kichuguu zilizimika. Mawe ya kijani, ambayo ukoo ulikuwa ukiyachuma kama mtu anavyovuna shamba lake, yakawa mali ya kampuni, na mjukuu wa mfua shaba akaajiriwa kubeba shaba asiyoruhusiwa kufua.

Ukoloni uliacha hata hivyo kitu ambacho mafundi wa leo wanakipenda: sarafu. Senti 5, 10 na 20 za Kongo ya Wabelgiji zilikuwa na tundu katikati na nyota upande mmoja. Zilikuwa tayari kutungwa kabla mtu hajafikiria kuzitunga. Faranga 2 ya mwaka 1943 ina pembe sita, ya shaba ya manjano, na tembo anatembea juu yake; ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani. Faranga 1 na 5 za dola la Katanga lililojitenga na Kongo, za mwaka 1961, zina mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Sarafu kama hizo hulala kwenye makopo ya wajane, na zikitoka huwa hereni au kidani. Mimi nasema: faranga ya Katanga isitobolewe. Ifungiwe ndani ya duara la waya, ibaki nzima, kwa sababu dola lile liliishi miaka miwili na nusu tu na sarafu zake hazitatengenezwa tena.

Mji ulipoitwa Lubumbashi mwaka 1966, na Union Minière ilipotaifishwa na baadaye kuwa Gécamines, mapambo yalipata wateja wapya. Makada wa kampuni walitaka sebule zenye picha za shaba iliyofuliwa: mwanamke na mtungi, mvuvi, kinyago. Jimbo lenyewe likaitwa Shaba, jina lililodumu hadi 1997. Siku hizo mikono mingi ilijifunza nyundo. Pembe za ndovu nazo zilichongwa bangili na kuuzwa waziwazi, mpaka mataifa yalipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara yake. Biashara hiyo ilipasa kufa, na fundi mwenye akili alihamia kwenye pembe ya ng’ombe na mfupa, ambavyo vikipigwa msasa vizuri havina aibu yoyote.

Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na Gécamines ikaanza kushuka bila breki. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha mwaka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kampemba ilihisi pigo hilo kwa namna yake. Ni komini ya viwanda: mtaa mmojawapo unaitwa Industriel, na humo na pembezoni mwake, kuelekea Bel-Air na Bongonga, kuna karakana za kuchomelea, za kusokota upya mota zilizoungua, za kununua vyuma vichakavu. Baba aliyejua kusoma mchoro wa mashine alijikuta nyumbani na koleo, tupa na watoto wa kulisha. Baadhi yao walifungua karakana ya mota. Wengine walichukua waya uliotoka katika mota hizo wakaufanya bangili.

Kazi yenyewe inaanzia hapo. Waya wa mota umepakwa vanishi, lazima uchomwe au ukwanguliwe. Waya wa umeme una ganda la plastiki, na fundi mzuri hulichuna kwa kisu badala ya kulichoma, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwake na kwa majirani. Waya ukiwa safi hupigwa juu ya fuawe, ambayo mara nyingi ni kipande cha reli. Shaba ikipigwa hukazana. Ukiendelea kwa ubishi itapasuka. Kwa hiyo hupashwa moto hadi iwe nyekundu kama kaa, ikachovywa majini, ikarudi kuwa laini. Hii ni tofauti na chuma cha pua, ambacho maji hukikaza, na mwanafunzi aliyetoka kwenye uhunzi wa visu hushangaa siku ya kwanza. Bangili moja nene huingia motoni mara kadhaa kabla haijafuata mkono.

Malakiti inataka upole zaidi. Ni jiwe laini, kisu cha chuma kinalikwaruza, na lina mishipa ya kijani kizito na kijani hafifu inayozunguka kama miaka ndani ya gogo. Mchongaji hulitazama kwanza muda mrefu, kwa sababu mkato mmoja ndio unaoamua kama mishipa hiyo itatokea kama jicho au kama mistari. Likishakatwa husuguliwa kwenye jiwe la kunolea, likatobolewa kwa keekee, likapigwa msasa wa kukwaruza, wa kati, laini, laini kabisa, kisha nta na kitambaa. Kila hatua inataka maji. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, linaingia mapafuni, na bado naona vijana wakisaga jiwe kavu, nyuso zao za kijani, wakidai kwamba maji yanachelewesha. Mwenye karakana anayeruhusu hayo anakosa, hata kama ni rafiki.

Mnunuzi naye afundishwe mawili matatu. Malakiti ya kweli ni baridi shavuni na nzito kuliko inavyoonekana. Ya plastiki ni nyepesi, na mistari yake imefanana mno. Bangili ya shaba ikififia isuguliwe kwa ndimu na chumvi, ila ikiwa na malakiti ndimu isikaribie, kwani tindikali hulitafuna jiwe na mng’ao hautarudi.

Mauzo mengi hayafanyiki Kampemba. Bidhaa hupanda teksi kwenda mjini, karibu na posta, ambako meza za malakiti zimekuwepo miaka mingi, au hubebwa mkobani hadi harusini. “Mama, hii njo mukuba ya kweli,” husema muuzaji, yaani shaba halisi, na mama hugeuza bangili, huikwaruza kwa ukucha, huomba apunguziwe. Wateja wa Lubumbashi wenyewe wanaongezeka, hasa wasichana wanaotaka kuvaa kitu cha kwao siku ya mahafali au ya posa. Hilo linanifurahisha kuliko mgeni yeyote anayenunua kumi kwa mkupuo akielekea uwanja wa ndege wa Luano.

Kuna jambo moja la kukomesha. Misalaba mipya humiminwa kwa mchanga kutokana na mabaki ya shaba, ikazikwa ardhini au kupakwa dawa ili ifanane na ya kaburini, ikauzwa kama ya kale. Msalaba mpya ni kidani kizuri na hauhitaji uongo. Na kama ni wa kale kweli, basi unalindwa na sheria ya mali za utamaduni ya mwaka 1971, na mahali pake ni jumba la makumbusho.

Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba. Malori yaliyosheheni mabamba yake hupita usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa, na fundi wa Kampemba hununua waya chakavu kwa kilo, akishindana na wanunuzi wa vyuma walio na mizani kubwa na fedha taslimu. Nadhani serikali ya jimbo ingeweza kuyadai makampuni kiasi kidogo cha shaba safi, tani chache tu kwa mwaka, kiuziwe vyama vya mafundi kwa bei ya kiwandani. Kwa makampuni si kitu. Kwa fundi ni tofauti kati ya bangili yenye doa la madini ya risasi na bangili safi anayoweza kuipiga mhuri wa jina lake.

Na mafundi wapelekwe makumbusho ya Lubumbashi, kwa makundi, na kalipa na karatasi. Wapewe ruhusa ya kupima unene wa waya wa kale, kuhesabu mizunguko ya kikuku, kuchora namna mkufu ulivyosukwa. Wachora ramani wa madini huruhusiwa kuingia kila mahali katika Katanga. Mfua shaba aruhusiwe kusogea karibu na kabati moja.