Faru wa karatasi

Mei 20, 1515, meli ya Kireno iliyotoka Goa ilitia nanga Lisbon ikiwa na viungo vya India pamoja na faru mmoja, mzima na mwenye afya. Ulaya ilikuwa haijamtia machoni faru hai tangu enzi za Warumi, zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Wasomi walimjua vitabuni tu, hasa kwa Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, aliyeandika kwamba faru na tembo ni mahasimu wa kuzaliwa.

Mnyama huyo alikuwa kifuta machozi. Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno huko India, aliwatuma wajumbe kwa Sultani Muzaffar II wa Gujarat kuomba ruhusa ya kujenga ngome Diu. Sultani alikataa kwa adabu, wajumbe wakarudi na faru. Albuquerque naye akampeleka kwa bwana wake, Mfalme Manuel wa Kwanza.

Manuel akataka kumpima Pliny. Juni 3 aliamuru faru akutanishwe na tembo mchanga mbele ya watu. Tembo alimtazama mwenzake, akageuka, akatimua mbio. Pambano likaishia hapo, na Pliny akahesabiwa mshindi. Kwa zama zile, kwenda uwanjani kuhakiki maneno ya kitabu lilikuwa jambo la maana. Ila tembo mchanga aliyezungukwa na umati unaopiga kelele angeweza kukimbia hata mbuzi, na hilo halikumsumbua mtu.

Habari zilisafiri kwa barua. Moja, ikiwa na mchoro wa harakaharaka, ilifika Nürnberg, Ujerumani, mikononi mwa Albrecht Dürer, msanii wa miaka 44 aliyekuwa tayari na jina kubwa. Hakuwahi kumwona faru, wala hakuja kumwona maishani mwake. Alichora kwanza kwa kalamu, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye ubao. Kazi ya mchongaji ilikuwa kuondoa mbao yote ambayo haikutakiwa kushika wino, mistari ya msanii ibaki imesimama peke yake, mingine myembamba kama uzi. Ubao ukipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, nakala zilitoka kwa wingi, kwa bei ambayo mchoro wa rangi usingeikaribia.

Mtazame faru wake kwa makini. Kifuani ana bamba, mabegani bamba, mapajani bamba, kana kwamba fundi wa deraya ndiye aliyemvisha. Miguu ina magamba. Juu ya shingo, karibu na mabega, imechomoza pembe ndogo ya pili iliyojisokota, ambayo haipo kwa faru yeyote duniani. Si yote uzushi, kwani faru wa India kweli ana mikunjo mikubwa ya ngozi na pembe moja puani. Dürer aliichukua mikunjo hiyo akaigeuza kuwa chuma.

Mwaka huohuo, huko Augsburg, Hans Burgkmair naye alichapisha faru. Wake hana deraya. Ni mnyama mzito mwenye ngozi ya kweli, miguu ya mbele imefungwa. Ukiniuliza nani alikuwa karibu zaidi na ukweli, nitamtaja Burgkmair bila kusita. Lakini nakala ya chapa yake iliyobaki ni moja tu, imehifadhiwa Albertina, Vienna. Wanunuzi walimtaka faru mwenye kutisha, na soko likawapa.

Faru mwenyewe hakudumu. Manuel, aliyekwisha kumpelekea Papa Leo X tembo mwaka 1514, aliamua kumpa na huyu. Alipakiwa melini Desemba 1515, akiwa na ukosi wa mahameli ya kijani. Mapema 1516 dhoruba iliizamisha meli karibu na La Spezia, pwani ya Italia. Faru anajua kuogelea, ila huyu alikuwa amefungwa minyororo sitahani.

Ubao wa Nürnberg uliishi muda mrefu kuliko faru na kuliko Dürer, aliyefariki mwaka 1528. Uliendelea kuchapishwa hata Uholanzi, ukiwa umepasuka na kuacha ufa miguuni mwa mnyama. Conrad Gessner alimwingiza faru huyo katika kitabu chake kikubwa cha wanyama mwaka 1551, na wengine wakanakili kwake. Ilibidi Ulaya isubiri hadi 1741, faru jike aitwaye Clara aliposhushwa Rotterdam na kuzungushwa miji mingi, ndipo wasanii wengi wakaanza kuchora walichokiona. Mfaransa Jean-Baptiste Oudry alimchora kwa ukubwa wake halisi mwaka 1749.

Hata hivyo deraya haikuvuka kirahisi. Mwaka 1790 Mskoti James Bruce alichapisha kitabu cha safari zake za Ethiopia, kikiwa na picha ya faru ambayo alidai imechorwa kutokana na mnyama halisi. Humo alimlaumu Dürer waziwazi kwa kuwapotosha wachoraji wote waliomfuata. Faru wa Bruce ana pembe mbili, kama walivyo faru wa Afrika. Mwilini, hata hivyo, ana mikunjo mikubwa ileile ya deraya, ambayo aliyewahi kumwona faru Ngorongoro anajua kuwa faru wetu hawana.